Filamu isiyo na maneno nayo yahitaji mkalimani

Katika kitivo chetu kuna msemo unaorudiwa mpaka umechakaa: muziki ni lugha ya dunia nzima. Ukiongeza na picha, wasema wenzetu, mtafsiri aweza kwenda kulala. Mimi napinga, na ushahidi wangu ni filamu moja fupi ya Kijapani, Mori no Densetsu, yaani Hekaya ya Msitu, aliyoitoa Osamu Tezuka mwaka 1987. Ni katuni ya nusu saa hivi. Hakuna anayesema neno. Kinachosikika ni Simfonia ya Nne ya Tchaikovsky.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msitu unakatwa. Katika sehemu ya kwanza ya simfonia, kindi arukaye, yule anayejirusha kutoka mti hadi mti, anapambana na mkata miti. Katika sehemu ya nne, ya mwisho, viumbe wadogo wa msituni wanajaribu kuwazuia wakataji waliokuja na mashine. (Sehemu ya pili na ya tatu Tezuka hakuwahi kuzimaliza, ile ya pili ilikamilishwa na mwanawe, Macoto Tezka, mwaka 2014.) Mtoto wa miaka sita atafuata yote haya bila shida. Hapo wenzangu hunirukia: si unaona? Naona. Mtoto ameelewa kisa. Shtaka lililomo ndani ya kisa limempita.

Shtaka hilo limo katika namna ya kuchora. Filamu inaanza kwa michoro isiyosogea kabisa. Kamera ndiyo inayopita juu yake, kama jicho juu ya ukurasa. Kisha michoro inaanza kutikisika. Inatembea kwa namna ya Émile Cohl, Mfaransa aliyetoa moja ya katuni za kwanza mwaka 1908, halafu kwa namna ya Winsor McCay wa Marekani, mpaka zinafika rangi na ule mwendo laini wa Walt Disney. Kabla sehemu ya kwanza ya muziki haijaisha, historia ya katuni imepita mbele yako, na hakuna aliyekuambia kwamba ni historia. Kwangu mimi hii ndiyo nusu bora ya filamu.

Nusu ya pili ni kali zaidi. Viumbe wa msituni wamechorwa kwa mtindo wa Disney, viungo vyote vinacheza. Wakataji wamechorwa kwa mtindo mwingine: mwili umeganda, unasogea mkono tu, au mdomo tu. Kiongozi wao anafanana na Hitler, na hapo naona Tezuka alipaza sauti kuliko ilivyohitajika. Lakini ule mwili ulioganda una maana kubwa kuliko masharubu. Ni lahaja ya televisheni. Katika sinema hupita picha 24 kila sekunde, na mafundi wa Disney walichora michoro 12 hadi 24 kwa sekunde hiyo moja. Katuni za televisheni za Kijapani ziliridhika na 8 au pungufu, na mchoro uliokwisha kutumika uliwekwa akiba ili utumike tena, maana kipindi lazima kitoke kila juma.

Na nani aliyeifanya njia hiyo kuwa desturi ya televisheni ya Japani? Tezuka mwenyewe, kwa Tetsuwan Atomu, iliyoanza kurushwa tarehe 1 Januari 1963. Kwa hiyo mtu huyu, aliyefariki Februari 1989, karibu na mwisho wa maisha yake aliwavika waharibifu wa msitu vazi alilolishona yeye.

Sasa mweke mbele ya filamu hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi. Sisi tumekulia katuni za Kijapani zilizotiwa sauti za Kifaransa. Kwetu mwili ulioganda wenye mdomo unaofunguka na kufunga ndiyo katuni ya kawaida, karibu lugha ya mama. Tunawapokea wakataji kama jamaa wa nyumbani, na wale viumbe laini wa msituni ndio wanaoonekana wageni. Tumeisoma sentensi kinyume, na hakuna neno hata moja lililokosewa kutafsiriwa!

Muziki nao si mweupe. Tchaikovsky alimwandikia mfadhili wake, Nadezhda von Meck, kwamba ule mlio unaofungua simfonia ni majaaliwa, nguvu inayomzuia binadamu asiifikie furaha. Katika sehemu ya nne akatia wimbo wa kienyeji wa Kirusi, unaohusu mti uitwao beryoza uliosimama peke yake uwandani. Mrusi akisikia noti chache tu ameshauona mti. Iwe Tezuka alikusudia au la, mti unaimbwa wakati miti inaangushwa, na sisi tunasikia fujo tu ya vinanda na ngoma.

Najua jibu la baadhi ya walimu wetu: ukianza kueleza, unaua raha. Kweli, mhadhara wa saa nzima unaua. Nusu ukurasa hauui. Napendekeza wanafunzi wa ukalimani wa mwaka wa pili wapewe kazi hiyo kama mtihani: andika nusu ukurasa wa Kiswahili utakaosomwa katika auditorio kabla filamu haijaanza. Wataona jasho. Wale viumbe wa msituni waitweje? Mizimu si wao, majini si wao, na “malaika” itampeleka msikilizaji kanisani. Ule mwendo wa televisheni uelezwe vipi bila kumfanya mtu aione aibu katuni aliyoipenda utotoni? Na mti wa beryoza, wenye gome jeupe, usioota kwetu, utafutiwe mti wa hapa au uachwe na jina lake?

Mimi ningeuacha na jina lake, na ningeupigia watu huo wimbo mara mbili kabla ya kuzima taa.