Mpiga Kura wa Abyei ni Nani?

Januari 9, 2011, foleni za wapiga kura zilijaa Juba, na Julai nchi mpya, Sudan Kusini, ikazaliwa. Siku hiyohiyo ya Januari Abyei, eneo la mpakani, nayo ilipaswa kuamua: ibaki Sudan au iende Kusini. Haikuonekana foleni wala sanduku.

Msiniambie maandalizi yalichelewa. Balaa hili lilitiwa saini hapahapa kwetu, Naivasha, Mei 2004, kisha likaletwa Nairobi kwa shangwe ndani ya mkataba wa amani wa Sudan, Januari 2005. Itifaki ya Abyei iliyosainiwa Naivasha inasema wakazi wa Abyei ni Wadinka wa Ngok na Wasudani wengine wanaoishi humo. Wengine gani? Swali hilo lenye damu ndani yake waliachiwa makamishna wa tume ambayo ingeundwa baadaye. Haikuundwa.

Mchukue mfugaji wa Kimisseriya. Kila kiangazi anashuka na ng'ombe hadi mto Kiir, ambao yeye anauita Bahr el Arab, anakaa miezi akinywesha, mvua zikikaribia anarudi kaskazini. Ni mkazi huyo, au mpita njia? Khartoum ilisema mkazi, Juba ikasema mpita njia, na kila upande ulikuwa umeshapiga hesabu ya kura kabla ya kufungua mdomo. Mei 2011 jeshi la Sudan likauteka mji wa Abyei, watu wakakimbia kwa makumi ya maelfu.

Oktoba 2013 Wangok wakachoka kungoja, wakajipigia kura wenyewe. Karibu wote walichagua Kusini. Umoja wa Afrika ukawakaripia. Umoja uleule ambao jopo lake, chini ya Thabo Mbeki, ndilo lililopendekeza kura ifanyike Oktoba hiyo!

Wala si kwamba haiwezekani. Schleswig, kati ya Ujerumani na Denmark, ilipopiga kura kama hiyo mwaka 1920, Wajerumani waliondoa kwanza askari wao, na kanuni zilishataja mpiga kura: aliyezaliwa pale, aliyeishi pale tangu kabla ya 1900, au aliyefukuzwa pale na Wajerumani. Mpaka uliotokana na kura hiyo upo hadi leo. Hitler aliivamia Denmark nzima, lakini mpaka ule hakuusogeza.

Abyei haikupewa kanuni, ilipewa walinzi. Juni 2011 Baraza la Usalama liliamua kupeleka huko askari wa Ethiopia, kwa miezi 6. Mwaka 2024 askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa bado wapo, wakiwatenganisha watu ambao hakuna aliyethubutu kusema nani kati yao ana kura.