WAZEE WETU WAPIMWE



Waliotutangulia katika reli walitufundisha kupiga gurudumu kwa nyundo kabla ya safari, kwa kuwa ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Mbona basi mwenzetu aliyestaafu akarudi kwao Kimilili twasema ni mzima, kwa sababu tu halalamiki?

Presha na sukari hazipigi hodi. Leo mzee apalilia mahindi yake, kesho amepooza. Presha ikifika 140 kwa 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, yataka mganga. Lakini namba peke yake haitoshi. Ulizeni pia: Aweza kutembea hadi sokoni? Aoga mwenyewe? Ala na kulala vema? Andikeni yote katika daftari kila mwezi. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama hali yake yapanda au yashuka.

Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha na sukari. Na tangu Oktoba 2024, katika kila shilingi 100 za mshahara twakatwa shilingi 2 na senti 75 kwa bima ya afya. Kwa hiyo hatuombi sadaka, twadai haki.

Kila tawi liandike majina ya wastaafu wake, lijue nani amepimwa na nani bado. Injini ikizeeka hukaguliwa zaidi. Je, mtu aliyeiendesha aachwe?

Umoja ni nguvu.