Ghala Halijai kwa Hotuba

Kila mavuno yanapokaribia, viongozi wetu huwakumbusha wananchi wahifadhi chakula cha kutosha na wasikiuze chote. Wito huo ni sahihi. Ninachopinga ni kwamba unaelekezwa kwa mtu ambaye mara nyingi hana uwezo wa kuutii, na baadhi ya wanaoutoa ndio wanaomnyima uwezo huo.

Zamani kihenge kilitosha. Kisha akaingia dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliyethibitika mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi walimwita Skania, na kwa jinsi anavyosaga punje kuwa vumbi, jina lilimfaa. Tangu hapo kaya nyingi zimechagua kati ya kuuza mapema na kunyunyizia dawa chakula chao wenyewe.

Leo ipo njia ya tatu. Mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama kinga njaa, ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliofanyika Cameroon kwa ajili ya kunde. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba cha kawaida. Mkulima hujaza nafaka, hukamua hewa na kufunga kila mfuko peke yake kwa kuusokota shingo. Wadudu waliomo humaliza oksijeni iliyobaki, kisha hufa. Sharti ni mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani, tena juu ya turubai. Mfuko haukaushi, wala hauondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Lakini maarifa haya humfaa mwenye mahindi ya kuhifadhi. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, mkulima huuza Juni au Julai, bei ikiwa chini, kwa sababu deni la pembejeo na gharama za matibabu vinamsubiri. Na kwa sababu ofisi ya kijiji nayo imejifunza kwamba michango hukusanyika vizuri mahindi yakiwa bado uani. Februari mtu yuleyule hununua kwa debe, kwa bei asiyoimudu. Wanafunzi wangu huniuliza kama mkulima hajui hesabu. Anaijua sana, kalenda yake imepangwa na wengine.

Nawaomba watumishi wa halmashauri wanaonisoma: michango ilipwe kidogo kidogo hadi Januari, na mifuko ikopeshwe kupitia vikundi vya akiba vilivyopo vijijini. Najua watakaosema kwamba mkulima akipewa muda hatalipa. Wasemaji haohao hulipa mikopo yao kwa makato ya kila mwezi, wala hakuna anayewadai yote siku ya mshahara.

Mwaka huu ofisa ugani na afike kijijini mwezi Mei, akiwa na turubai na mifuko, kabla mtendaji hajafika na kitabu cha risiti.