Sanduku la Mji Lisigawanywe

Ndugu wafanyakazi wa migodi, nanyi wenyeji wa Butembo na Beni,

Huko Marekani, katika jimbo la Louisiana, mitaa yenye mali iliyokuwa chini ya utawala mmoja na Baton Rouge ilidai kuwa mji peke yake, kwa jina la St. George. Kwanza walitaka shule zao wenyewe. Walipokataliwa, wakadai mji. Kura ilipigwa tarehe 12 Oktoba 2019, na watu 54 katika 100 wakakubali. Lakini waliopiga kura ni wale wa ndani ya mipaka mipya tu. Wenzao waliotumia sanduku moja nao hawakuulizwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya jimbo ikaruhusu mji huo.

Sisi tunapinga shauri la namna hii. Tajiri hulala mlimani, lakini mali yake hutoka sokoni, dukani na mgodini, kwa jasho la watu wanaolala bondeni. Akihama na kodi yake, anawaachia mifereji iliyoziba na shule zisizo na madawati.

Sisi Wakongomani tumekwisha kuyaona hayo. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Shaba ilikuwa Katanga, ndiyo. Lakini kwa miaka mingi mikono ya watu wa Kasai na Ruanda-Urundi nayo iliichimba. Kodi za kampuni zikabaki Elisabethville, na Kongo nzima ikakosa. Damu nyingi ilimwagika kabla utengano ule haujakwisha, Januari 1963.

Wenye mali husema: "Kodi yetu inaliwa." Pengine wasema kweli. Basi tudai wote pamoja hesabu isomwe mbele ya watu, na mwizi ashitakiwe. Karani akiiba fedha za mshahara, wachimbaji hawagawanyi mgodi, humfukuza karani.

Butembo ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Moja ikiondoka na soko na ushuru wake, tatu zitakula nini? Wafanyabiashara wetu wanajulikana kwa kuchanga fedha za barabara, na barabara hizo hupitwa na tajiri na mwenye chukudu pia. Hiyo ndiyo njia ya haki.

Atakayekuja kwenu na karatasi ya kutenga mtaa, mwulizeni kwanza: nani watapiga kura? Kama si mji mzima, msitie sahihi.

Mji mmoja, sanduku moja!