Anwani ya Kudumu Isiyofika Hata Barabarani

Leo nina la moyoni.

Kila mwongozo wa kuweka anwani ya kudumu kwenye Debian unakuambia fungua /etc/network/interfaces, uandike:

iface eth0 inet static
address 192.168.1.10/24
gateway 192.168.1.1

Kisha unakupongeza. Kwa lipi? Anwani hiyo ni ya kudumu ndani ya nyumba yako tu! Seva uliyoiweka chumbani hapa Kiandutu haifikiwi hata na jamaa aliye Makongeni, sembuse London.

Hebu angalia anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya NAT yake pamoja na wateja wengine. Ni kama kijiji kizima kutumia sanduku la posta la shule: barua zako zinatoka na majibu yanarudi, lakini mgeni akianza yeye kukuandikia, bahasha haina jina, inatupwa. Ukitaka sanduku lako, utalipishwa kila mwezi.

Wanasema anwani ni haba. Za IPv4, kweli: biti 32, yaani anwani bilioni 4.3 hivi, na IANA iligawa mafungu ya mwisho Februari 3, 2011. Lakini IPv6 ina biti 128. Fungu dogo kabisa ambalo AFRINIC humpa mtoa huduma ni /32, na ndani yake mna mitandao ya /64 bilioni 4.3, sawa na anwani zote za IPv4 duniani. Uhaba uko wapi hapo?

Na kazi yenyewe si ngumu:

iface eth0 inet6 static
address 2001:db8:1::10/64
gateway 2001:db8:1::1

(2001:db8 ni ya mifano tu, weka yako.) Lakini mtoa huduma akibadilisha kiambishi, yaani mwanzo wa anwani, kila stima zikipotea, anwani hiyo nayo imekufa. Basi tudai mawili: IPv6, na kiambishi kisichobadilika.

Nanyi mafundi mnaoshauri watu wazime IPv6 eti NAT ni ulinzi, acheni! Kuzuia wageni ni kazi ya faiwoli, na IPv6 ina faiwoli pia. Kijana wa hapa anayejifunza kuendesha seva anahitaji mlango, si dirisha la kuchungulia tovuti za wengine.

Mpigie mtoa huduma wako leo, umwulize: kiambishi changu cha IPv6 ni kipi?