Boksi la "chaneli zote bure": anayelipa ni mama yako

Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wenyewe ndio huu. UE zimeisha, boom limekata kitambo, na kama kawaida yetu kila mtu anatafuta kabiashara ka kurudi nako nyumbani likizo. Safari hii kilichoshika kasi mabwenini ni maboksi ya TV. Mnayajua: kasanduku keusi kanakoenea kiganjani, unachomeka nyuma ya runinga, unaunga waifai, mchezo umeisha. Na maneno ya kuuzia ni yale yale kila chumba: "Unalipa mara moja, chaneli zote za dunia bure maisha." Mpira, muvi, tamthilia za Kituruki, vyote vimo. King'amuzi tupa kule.

Mimi nasema hivi: biashara hii ni ya kuwaingiza watu mjini, na wanaoingizwa ni wazazi wetu. Mnaouza mtanisamehe. Msiponisamehe pia sawa.

Tuelewane kwanza. Sina ugomvi na TV ya intaneti. Roku walitoa boksi lao la kwanza mwaka 2008, Google wakaleta Chromecast mwaka 2013 kwa dola 35, Amazon nao wana Fire TV. Netflix iliingia Tanzania Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya 100. Teknolojia nzuri tu. Lakini boksi la TV ni kompyuta, jamani. Dogo, halina kibodi, lakini ni kompyuta inayoshinda imewashwa sebuleni. Na kompyuta humtii aliyeweka programu ndani yake, hata kama rimoti umeshika wewe.

Sasa tujiulize kama wasomi. Boksi limetengenezwa, limevuka bahari, limelipiwa bandarini, muuzaji wa Kariakoo kachukua chake, na wewe umeweka cha juu. Bado linaahidi ligi za Ulaya ambazo haki zake za kuonyeshwa zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Bei nzima haifiki hata malipo ya king'amuzi ya miezi michache. Hivi nani anafidia? Mwanafunzi wa uhasibu anayeuza haya maboksi, wewe hesabu hiyo haikukereketi?

Jibu limeshapatikana, tena hadharani. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa usalama wa mitandao huko Canada, Daniel Milisic, alieleza jinsi alivyonunua boksi aina ya T95 kupitia Amazon akalikuta limeshawekwa programu ya kihalifu kabla hata hajalitoa kwenye karatasi. Oktoba mwaka huo huo kampuni ya Human Security ikatoa ripoti juu ya mtandao walioupa jina la BADBOX: vifaa vya Android zaidi ya 74,000, yakiwemo maboksi ya TV, vikiwa na ugonjwa ule ule. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ikatangaza karibu maboksi milioni 1.3 katika nchi 197 yenye kirusi kingine, Vo1d. Desemba 2024 Ujerumani ikakata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 na mabosi wake. Kufika Juni 2025, FBI ya Marekani ikawatahadharisha wananchi wake waziwazi, na Julai Google ikafungua kesi New York dhidi ya waendeshaji wa BADBOX 2.0, ikisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10. Na hiyo BADBOX 2.0 imeonekana katika nchi na maeneo 222. Kwa hiyo usiniambie "hayo ni ya Wazungu".

Haya, boksi likishakuwa na huo ugonjwa linafanya nini? Wengi mnadhani kirusi ni kile cha kufuta desa kwenye flashi. Hiki hakifuti kitu. Picha inatoka safi, mpira unachezwa, mzee anafurahi. Nyuma ya pazia boksi linabofya matangazo ambayo hakuna mtu anayeyaona, ili mwizi alipwe. Kubwa zaidi, linakodisha njia ya intaneti ya nyumbani kwenu. Mhalifu aliye mbali huko anataka kujaribu nywila za watu au kufungua akaunti feki, basi anapitishia kazi yake kwenye boksi la mama yako. Kule anakoiba, anayeonekana ni mama yako.

Kwetu hili lina uzito wa pekee. Nyumba nyingi Tanzania intaneti yake ni laini ya simu kwenye ruta ndogo, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Wote tunaikumbuka Januari 2020, foleni zilivyokuwa kabla laini hazijazimwa. Maana yake uchafu unaopita kwenye ile laini una kidole cha mtu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Sisemi mama yako atafungwa kesho. Nasema wa kwanza kuulizwa ni mwenye laini, na mwenye laini hajui hata hilo boksi linafanya nini likiwa limezimwa picha.

Halafu kuna bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inakula hadi GB 3 kwa saa. Kwa kiwango hicho mechi moja ni GB 6 hivi, hapo boksi ni zima kabisa. Boksi gonjwa linaongeza ya kwake usiku wote mmelala. Asubuhi mzee anapiga simu kulalamika kampuni ya simu inamwibia MB, kumbe mwizi kawekwa juu ya kabati la runinga na mwanawe aliyeko chuo kikuu.

Na hapo ndipo panaponiuma. Yule mzee angeuziwa na machinga angesita, angeuliza, angeomba apunguziwe. Kwako hakuuliza. Alisema, "Mwanangu anasoma mambo ya kompyuta, anajua." Unamuuzia mbuzi kwenye gunia mtu aliyekulipia ada.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Sisi maskini, vifurushi vya ving'amuzi ni ghali." Kweli kabisa, na siwatetei wenye ving'amuzi hata kidogo. Lakini umaskini ni sababu ya kumlinda mtu, hauwi ruhusa ya kumuuzia kimeo. La pili: "Langu nina mwaka nalo, halijasumbua." Ndugu yangu, mwizi anayeishi kwako akikusumbua utamfukuza. Huyu ametengenezwa asisumbue. La tatu: "Nitalirudisha kwenye hali ya kiwandani." Ugonjwa mara nyingi umetoka nao huko huko kiwandani, unarudi kule kule ulikotoka.

Basi tufanyeje? Mwenye laptopu tayari ana boksi. Laptopu nyingi zina tundu la HDMI, waya wake bei ya kawaida, unachomeka kwenye runinga unaangalia YouTube, ambako vituo vyetu kadhaa vya hapa vinarusha taarifa ya habari. Ukitaka boksi hasa, nunua la kampuni inayojulikana. Google wana orodha ya kampuni zinazotengeneza Android TV rasmi, iangalie kabla hujatoa hela. Boksi lisilo na jina la maana, linalojinadi kuwa "limefunguliwa", au linalokuambia uzime Play Protect ndipo lifanye kazi, liache dukani. Kama lipo nyumbani tayari, lichomoe. Na yeyote aliyeweka barua pepe yake humo abadilishe nywila leo, kwa kutumia kifaa kingine.

Kwa mnaouza, nina ombi moja tu. Kabla hujafunga begi la likizo, mwambie mteja wako sentensi hii: "Sijui ndani yake kuna nini, na sijui nani analipia hizo chaneli." Akinunua baada ya kusikia hivyo, hiyo ni biashara. Ukiona sentensi hiyo haisemeki mbele ya mama yako, basi unajua unachouza.

Naomba kutoa hoja.