RAV4, Model Y na BYD: Kolwezi nayo isome jedwali la mauzo

Kila mwaka unapoanza, makampuni ya magari hutangaza yamefanya biashara gani, na magazeti ya dunia huyapanga kama timu za mpira: nani ameongoza, nani ameshuka. Miaka hii nafasi za juu zimejaa krosova, yale magari ambayo Goma, Bukavu na Lubumbashi yanaitwa tu jeep, hata kama wenye jeep za kweli hucheka wakisikia. Nchini Congo habari hiyo hupita kama habari ya watu wa mbali wenye pesa zao. Lakini kwa jimbo la Lualaba, jedwali hilo ni habari ya mfuko wa serikali.

Krosova ni jeep kwa sura, gari dogo kwa mifupa. Limeinuliwa, mlango wake mpana, dereva anaona mbali, lakini chini limejengwa kama gari la kawaida la mjini, si kama Land Cruiser ya misheni. Toyota ilitoa RAV4 ya kwanza mwaka 1994, Honda ikafuata na CR-V mwaka 1995. Wengi waliona ni mtindo wa kupita. Mwaka 2018 Ford ilitangaza kwamba nchini Marekani itaacha kuuza karibu magari yake yote madogo, ibaki na Mustang, pickup na krosova. Mteja alikuwa ameshachagua. Na mteja wa Goma alichagua vilevile, kwa sababu zake: barabara yenye mawe ya volkano haina huruma na gari la chini, na RAV4 kuukuu iliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam inapata vipuri kila kona.

Sasa hesabu zenyewe. Mwaka 2023, kwa takwimu za kampuni ya JATO Dynamics, Tesla Model Y iliongoza dunia nzima ikiwa na magari milioni 1,2 hivi, mbele ya RAV4 iliyouza karibu milioni 1,1. Ilikuwa mara ya kwanza gari la umeme kushika nafasi hiyo. Mwaka 2024 magari hayo mawili yalikaribiana sana, kila moja karibu na milioni 1,2, tofauti ikiwa elfu chache tu. Honda CR-V ilikuwa nyuma kwa mbali.

Elfu chache katika milioni ni kitu kidogo, na hapo ndipo msomaji anapaswa kushika breki. Tesla katika taarifa zake haitenganishi Model Y na Model 3. Inazitaja pamoja, kwa hiyo idadi ya Model Y peke yake hutafutwa na watu wa nje kwa kuhesabu namba za usajili nchi kwa nchi. Nchini China, RAV4 ina pacha anayeitwa Wildlander, gari lilelile kwa jina lingine na kiwanda kingine, na CR-V ina pacha wake anayeitwa Breeze. Ukiwahesabu mapacha, mshindi anaweza kubadilika. Ukiwaacha, mwingine anasherehekea. BYD nayo ina familia nzima ya magari yanayobeba jina la Song, na kila mchambuzi anaamua mwenyewe amhesabu nani ndani ya familia hiyo.

Jambo lisilobadilika ni uzito wa kila gari ndani ya nyumba yake. Toyota inauza zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka, hivyo RAV4 ni kama moja kwa kumi ya biashara yake. Kwa Tesla, Model Y ndiyo sehemu kubwa ya kampuni. Mwaka 2025 Tesla ilishuka hadi magari milioni 1,6 kwa jumla, na BYD ikaipita kwa magari ya umeme mtupu, ikiuza zaidi ya milioni 2,2. Hilo halina mjadala wa mapacha.

Kwa msomaji wa Paris au Chicago habari inaishia hapo. Kwa msomaji wa Kolwezi ndiyo inaanza, maana jedwali la mauzo linakosa safu moja: betri ya kila gari imetengenezwa na nini.

RAV4 ya petroli haina betri kubwa, na ile ya mseto, inayotumia petroli pamoja na umeme, ina betri ndogo sana ukilinganisha na gari la umeme mtupu. Model Y inategemea ni ipi. Matoleo ya masafa marefu hutumia betri yenye nikeli pamoja na kobalti kidogo. Matoleo ya bei nafuu, tangu Tesla ilipotangaza mwaka 2021, yalihamia kwenye betri ya chuma na fosfeti, ile ambayo mafundi wanaiita LFP. Ndani yake hakuna kobalti hata gramu moja. BYD ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2020 ilizindua betri yake iitwayo Blade, ambayo ni LFP, ikaiweka katika magari yake ya umeme, na mwaka 2022 ikaacha kabisa kutengeneza magari ya petroli peke yake.

Kwa maneno mengine, kampuni iliyopanda kwa kasi zaidi katika ligi hii ni kampuni isiyohitaji kobalti ya Congo. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani mwaka 2024 zilikuwa za LFP, na nchini China karibu robo tatu. Ulaya na Marekani bado ziko chini, karibu moja kwa kumi. Ila magari mengi ya umeme duniani yanauzwa China, si Ulaya.

Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Mwaka 2018 serikali iliitangaza kuwa madini ya kimkakati, na redevance yake ikapanda hadi asilimia 10, wakati shaba inalipa asilimia 3,5. Sheria ya madini inagawa pesa hiyo hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa miji, sekta na usultani ambako mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika masika ya 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80 000. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21 000. Kwa hesabu ya kijuujuu, sehemu ya jimbo kwa kila tani ilitoka dola 2 000 hivi ikafika kama 500. Kobalti inayotoka Congo bado haijasafishwa kamili na inauzwa chini ya bei hiyo, lakini mteremko ni uleule.

Serikali haikukaa kimya. Februari 2025 ilifunga usafirishaji wa kobalti nje, ikaongeza muda mwezi wa Juni, na kuanzia Oktoba ikaweka mgao chini ya mamlaka ya ARECOMS: tani 18 125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, kisha tani 96 600 kwa mwaka 2026 na vilevile 2027. Ili kuona ukubwa wa hatua hiyo, kampuni ya Kichina CMOC, yenye migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, peke yake ilizalisha zaidi ya tani 114 000 mwaka 2024. Mgao wa nchi nzima sasa ni mdogo kuliko mazao ya kampuni moja. Bei ilijibu haraka; hadi mwisho wa 2025 ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Kinshasa ilikuwa na haki kufanya hivyo. Kuuza kwa bei ya hasara ili maghala ya wengine yajae si biashara. Lakini kuna watu serikalini wanaoongea kana kwamba mgao umeweka dunia mkononi mwa Congo kama OPEC na mafuta, na hapo wanakosea. Gari la petroli haliendi bila petroli. Gari la umeme linakwenda bila kobalti, na mamilioni ya wateja wa BYD wanaendesha hayo kila asubuhi bila kujua wala kujali. Kila dola inayoongezeka kwenye bei ya kobalti inampa mtengenezaji wa krosova sababu nyingine ya kuhamia LFP. Elon Musk aliandika tangu 2018 kwamba betri zake zijazo hazitakuwa na kobalti. Bado hajaimaliza yote, lakini njia aliyoelekea ni ileile.

Anayetaka kuona jinsi wakubwa wanavyojikinga aitazame CATL, kampuni ya kwanza duniani kwa betri. Mwaka 2021 ilinunua robo ya mgodi wa Kisanfu, karibu na Kolwezi. Kampuni hiyohiyo inauzia Tesla betri za LFP huko Shanghai. Kobalti ikipanda, inapata. Ikisahaulika, inapata pia. Lualaba ina mguu mmoja tu.

Wapo wanaosema hofu hii ni ya bure, na wana hoja. Kobalti bado inatakiwa kwenye simu, kwenye injini za ndege na kwenye magari ya masafa marefu ya Ulaya na Marekani. Betri ya LFP ni nzito zaidi kwa nguvu ileile. Na gari la umeme, liwe na betri gani, hula shaba nyingi, kama kilo 80 dhidi ya kilo ishirini na kitu za gari la petroli. Congo sasa ni ya pili duniani kwa shaba. Hoja ya shaba ndiyo nzito kuliko zote, ila inasahau redevance: asilimia 3,5 haijazi pengo la asilimia 10. Na wachimbaji wadogo wa Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba hadi chini ya sakafu za nyumba zao, walifuata kobalti.

Kinachotakiwa basi si kulaumu mgao. ARECOMS inapokaa kupanga tani za baada ya 2027, iweke mezani jedwali la mauzo ya krosova, pamoja na ile safu inayokosekana ya aina ya betri, na itangaze hadharani imelisoma vipi. Serikali ya Lualaba iandike bajeti yake ikichukulia bei ya chini ya 2025, si ya 2022, na kinachozidi kiende kwenye barabara na umeme badala ya mishahara mipya ambayo haitalipika bei ikianguka tena. Na ile asilimia 10 ya vizazi vijavyo itolewe hesabu mwaka kwa mwaka, kwa dola na kwa mradi, ili mkaaji wa Kasulo aweze kuuliza imekwenda wapi kabla krosova za 2030 hazijatoka kiwandani.